Bukavu: Takataka zinaua wadudu wa mtoni wanaosafisha maji na kulisha samaki

Mvua kubwa ikinyesha juu ya Bukavu, mto Kahuwa unabadilika ndani ya muda mfupi. Maji yanashuka kutoka vilima vya Kadutu yakiwa mekundu kwa udongo, yamebeba chupa za plastiki, sashe, maganda ya ndizi, mabaki ya sokoni, viatu vilivyochakaa na maji ya vyoo. Mvua ikikatika, mto unarudi kuwa kijito. Sehemu ya mzigo ule inabaki imenasa kwenye mawe na mizizi. Sehemu nyingine imekwisha kuingia ziwa Kivu.

Wakaaji wa mji wanajua hasara ya uchafu huo kwa pua na kwa macho: harufu, mbu, maji yanayoingia ndani ya nyumba za kando ya mto, na kipindupindu kinachorudi mara kwa mara. Kuna hasara nyingine ambayo haionekani ukiwa umesimama darajani. Inatokea chini ya mawe, ndani ya maji yenyewe, ambako wanaishi wadudu na viumbe wengine wadogo, wengi wao wakiwa hawazidi urefu wa ukucha wa kidole.

Hakuna anayewavua na hawauzwi sokoni. Hata hivyo ndio wanaosaga majani yanayooza, wanaochuja maji, na wanaoliwa na samaki. Ndio pia wa kwanza kufa mto unapougua. Anayejua kuwatambua anaweza kusema hali ya mto kabla samaki hawajaanza kuelea juu na kabla wagonjwa hawajajaa hospitalini.

Nani anaishi chini ya jiwe

Ili kuelewa kinachopotea mjini, ni vizuri kuanza mbali na mji, kwenye mito inayoshuka kutoka msitu wa Kahuzi-Biega. Mmoja wao ni mto Lwiro, katika eneo la Kabare, ambao unapita karibu na kituo cha utafiti kinachoitwa kwa jina hilo hilo. Kituo hicho, CRSN-Lwiro, kilianzishwa mwaka 1947 wakati wa Wabelgiji kwa jina la IRSAC, na hadi leo ni moja ya vituo vya utafiti wa maumbile vinavyojulikana zaidi mashariki mwa Kongo.

Katika kijito cha mlimani ambacho maji yake ni baridi, yanaenda mbio na hayajatupwa uchafu, jiwe moja likigeuzwa linaonyesha kijiji kizima. Kuna wadudu bapa wenye mikia mitatu myembamba, wanaong'ang'ania jiwe ili maji yasiwabebe. Wataalamu wanawaita efemeroptera. Wanapumua kwa matamvua yaliyopangwa pembeni mwa tumbo, kama majani madogo yanayotikisika. Wanakaa majini kwa wiki nyingi au miezi, kisha wanapata mabawa, wanatoka, wanazaana na kufa. Maisha yao ya kuruka ni ya saa chache au siku chache tu.

Karibu nao kuna trikoptera, ambao kazi yao ni ya ufundi. Wengine wanajijengea nyumba ya mchanga na vipande vya majani, wakiviunganisha kwa uzi laini unaotoka mdomoni, na wanatembea na nyumba hiyo mgongoni. Wengine wanafuma wavu kati ya mawe mawili na kusubiri maji yawaletee chakula, sawa na mvuvi aliyetega wavu wake.

Kuna pia watoto wa kerengende, wanaokula viluwiluwi vya mbu. Kuna kaa, konokono, ruba na minyoo. Kila kundi lina kazi yake. Wapo wanaokata majani yaliyoanguka mtoni kuwa vipande vidogo. Wapo wanaokwangua mwani juu ya mawe. Wapo wanaochuja chembe zinazopita. Wapo wanaowinda wengine. Wote kwa pamoja wanageuza takataka za msitu kuwa nyama, na nyama hiyo inaliwa na samaki, vyura na ndege.

Kwa hiyo mto unajisafisha wenyewe, lakini haufanyi hivyo kwa maji kupita tu. Unajisafisha kwa kazi ya viumbe hawa na ya bakteria. Mto uliokuwa ukipokea majani ya miti tangu zamani unaweza kuyameng'enya. Mto unaopokea uchafu wa maelfu ya nyumba kwa siku hauwezi.

Hewa ya maji inakwisha

Viumbe wa majini wanapumua oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, na kiasi chake ni kidogo sana. Kwenye joto la nyuzi 20, usawa wa bahari, litre moja ya maji safi inabeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Bukavu iko kwenye urefu wa karibu mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi zaidi, hivyo maji yake yanabeba chini ya hapo. Akiba ni ndogo tangu mwanzo.

Maji ya choo, damu ya machinjio, maganda ya mihogo na mabaki ya chakula vinapoingia mtoni, bakteria wanaanza kuvila. Wanapokula wanapumua, na wanapumua oksijeni ile ile. Uchafu ukiwa mwingi, bakteria wanazidi kuongezeka na oksijeni inapungua hadi wadudu wenye matamvua wanakosa hewa. Hawakufa kwa sumu. Walikufa kama mtu aliyefungiwa chumba kisicho na dirisha.

Hali hiyo haiko mjini peke yake. Vijijini, mihogo inayolowekwa mtoni ili kuondoa uchungu wake inaacha majini asidi na sumu ya asili iliyomo ndani ya mihogo. Kando ya ziwa, maganda ya kahawa yanayotoka kwenye vituo vya kuoshea kahawa yana sukari nyingi inayooza haraka. Familia moja ikiloweka kikapu kimoja, mto unavumilia. Shida inaanza pale kijiji kizima kinapotumia shimo moja la maji wakati wa kiangazi, mto ukiwa umepungua.

Udongo nao unaua. Vilima vya Bukavu vimevuliwa miti na kujengwa hadi kwenye miteremko mikali, na kila mvua inashusha udongo. Tope linajaza nafasi zilizo kati ya mawe, na nafasi hizo ndizo nyumba za wadudu. Linafunika mayai na kuziba matamvua. Kwa jicho la mpita njia, mto uliojaa tope ni mto uliochafuka kwa siku mbili. Kwa mdudu aliyekuwa chini ya jiwe, nyumba imezikwa.

Sabuni, mafuta, mawe ya redio na chandarua

Baadhi ya vitu vinavyoua viumbe wa mtoni ni vitu ambavyo nyumba nyingi zinavitumia bila wazo baya.

Sabuni ya unga inadhoofisha ngozi nyembamba iliyo juu ya maji, ile inayowawezesha wadudu wengine kutembea juu yake bila kuzama. Pia inaumiza matamvua. Mafuta yaliyotumika ya gari na pikipiki, yanapomwagwa kwenye mfereji wa garaji au pikipiki inapooshwa katikati ya mto, yanatandaza utando mwembamba juu ya maji na kuwazuia wadudu wanaopanda juu kuvuta hewa.

Mawe ya redio na ya tochi yaliyokwisha nguvu yanabeba metali kama zinki, na baadhi yake yana metali zenye sumu kali zaidi. Yakipasuka mtoni, metali hizo zinashuka kwenye tope. Minyoo inakula tope, samaki anakula minyoo, na mtu anakula samaki.

Chandarua pia kina nafasi yake katika orodha hii. Vyandarua vingi vinavyogawiwa dhidi ya malaria vimetiwa dawa ya kuua wadudu. Dawa hiyo inafanya kazi nzuri kitandani, lakini mtoni haiwezi kutofautisha mbu na mdudu anayelisha samaki, na ni sumu kwa samaki wenyewe. Ndiyo maana watu wanashauriwa kuosha chandarua ndani ya beseni na kumwaga maji yake kwenye udongo, mbali na mto na ziwa, na kutokitumia kuvulia.

Plastiki inaua kwa njia ya polepole. Sashe inafunika mawe na kuzuia maji kupita. Chupa inakaa miaka mingi, jua na mawe vikiikwangua mpaka inakuwa vipande vidogo kuliko punje ya mchele. Viumbe wanaochuja maji hawawezi kuchagua: wanameza chembe za plastiki pamoja na chakula, na tumbo linajaa kitu kisichowapa nguvu yoyote. Huko Ulaya watafiti wamekuta trikoptera waliojenga nyumba zao kwa vipande vya plastiki badala ya mchanga na majani.

Wanaobaki si dalili ya afya

Mto uliochafuka haubaki mtupu, na hapo ndipo watu wengi wanadanganyika. Akichota tope kwenye mfereji unaonuka, mtu anaweza kukuta wadudu wengi wakicheza na kusema kwamba maji bado yana uhai. Swali la kuuliza ni: ni wadudu wa aina ngapi?

Ndani ya tope hilo mara nyingi kuna minyoo myekundu midogo. Mingine si minyoo kamili, ni watoto wa inzi wadogo wanaoitwa kironomidi. Wekundu wao unatokana na kitu kinachofanana na kile kinachofanya damu ya binadamu iwe nyekundu. Kinawasaidia kukamata oksijeni hata pale ilipobaki kidogo kabisa. Kuna minyoo mingine inayojichimbia kichwa chini na kupunga mkia juu ili kupata hewa. Kuna pia funza wenye mkia mrefu kama bomba, wanaovuta hewa ya juu huku wakiwa ndani ya maji ya choo.

Hao ndio wanaobaki wengine wote wakiondoka. Hawana mshindani wala adui, na chakula kimejaa, hivyo wanaongezeka kwa maelfu. Mto mzima una aina nyingi, kila moja kwa idadi ya kadiri. Mto mgonjwa una aina mbili au tatu, kwa wingi wa kutisha.

Na mbu wananufaika. Mbu wa aina ya kulekisi, anayesumbua watu usiku mjini, anapenda kutaga kwenye maji machafu yaliyosimama, kama yale yanayobaki nyuma ya rundo la chupa na sashe. Watoto wa kerengende ambao wangekula viluwiluwi vyake wamekwisha kufa. Familia inayotupa takataka mtoni asubuhi inanunua dawa ya mbu jioni.

Si kila kiumbe mdogo wa maji safi ni rafiki wa mtu. Baadhi ya inzi wanaoishi kwenye maji ya mbio wanaeneza ugonjwa wa upofu wa mtoni, na baadhi ya konokono wanabeba kichocho. Lakini uchafu hauondoi hatari hizo kwa mpango. Unaondoa kwanza wale wanaofanya kazi, na mara nyingi unawaacha wale wanaoleta shida.

Kipimo kisichohitaji mashine

Wazo la kusoma hali ya mto kupitia viumbe wake si geni. Ujerumani ilianza kulitumia mwanzoni mwa karne ya 20. Afrika Kusini ina mfumo wake unaoitwa SASS, ambao unampa kila mdudu alama kulingana na uwezo wake wa kuvumilia uchafu: asiyevumilia anapata alama ya juu, anayevumilia anapata ya chini. Tanzania nayo imetengeneza mfumo wa namna hiyo kwa ajili ya mito yake.

Kivu Kusini haiko nyuma katika elimu hiyo. Mwaka 2014 jarida la kisayansi VertigO lilichapisha utafiti uliopima uchafuzi wa mito Kahuwa na Mpungwe, yote inayoingia ziwa Kivu, kwa kutumia viumbe wadogo wanaoishi chini ya maji.

Faida ya njia hii inaeleweka haraka. Mashine ya kupima maji inasema hali ya dakika ile tu. Mtu akimwaga mafuta mtoni saa nane usiku, saa mbili asubuhi maji yamekwisha kupita na mashine haitaona kitu. Lakini mdudu aliyekuwa pale usiku kucha hakuwa na pa kukimbilia. Kutokuwepo kwake asubuhi ni ushahidi.

Shule au kikundi cha vijana kinaweza kufanya jaribio dogo bila gharama kubwa. Linahitaji beseni jeupe, chujio la chai na brashi laini. Chandarua chenye dawa hakifai, maana kitaua kile kinachotafutwa. Inafaa kuchagua siku ambayo mvua haijanyesha kwa siku kadhaa. Mawe machache yanatolewa mtoni na kupigwa brashi taratibu ndani ya beseni lenye maji ya mto huo huo. Kisha aina zinahesabiwa.

Wakionekana wadudu bapa wenye mikia mitatu na wale wenye nyumba za mchanga, hali ya mto bado ni nzuri. Wakionekana watoto wa kerengende, konokono na ruba bila wale wa kwanza, mto umeanza kuchoka. Ikibaki minyoo myekundu peke yake, mto unaomba msaada. Katika mto wa mjini, anayefanya jaribio avae glavu na viatu vya mpira, asiwe na kidonda wazi, na anawe kwa sabuni baadaye. Viumbe wanarudishwa pale walipotolewa.

Kutoka Kahuwa hadi kwenye sahani ya bugali

Ziwa Kivu lina kina cha hadi mita 485, na mtu anayelitazama kutoka Muhumba au Nguba anaweza kudhani kwamba ni kubwa mno kuweza kuumizwa na vijito vya mji. Lakini sehemu kubwa ya ziwa hilo haina samaki hata mmoja. Kuanzia kina cha mita 60 hivi kwenda chini, maji hayana oksijeni, na huko chini kabisa yamejaa gesi ya kaboni na ya metani. Samaki wote wanaishi kwenye tabaka la juu na kando ya ziwa, mahali pale pale ambapo mito inaleta uchafu wake.

Sambaza, samaki mdogo anayeliwa na bugali katika nyumba za kila hali, si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 ili ale planktoni, yaani viumbe wadogo sana wanaoelea majini, ambao walikuwa hawana samaki wa kuwala kwa wingi. Leo usiku wa giza taa za wavuvi zinaonekana ziwani, mitumbwi ikiwa imefungwa mitatu mitatu. Asubuhi wamama wanagombania mzigo ufukoni.

Sambaza wachanga wanapenda kukaa karibu na kando ya ziwa. Wanapokua wanakula planktoni na pia wadudu. Kwa hiyo midomo ya mito inayochafuka iko karibu sana na mahali pa kulelea samaki hao. Kinyesi na mbolea zikizidi, mwani unakua kupita kiasi, kisha unakufa, unaoza na kunywa oksijeni ya kando. Hapo hasara ya mdudu inageuka kuwa hasara ya mvuvi, kisha ya mama muuzaji, kisha ya mtoto ambaye sambaza ndiyo nyama yake ya pekee kwa juma zima.

Ziwa lenyewe lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi. Plastiki isiyozama inafuata mkondo huo na kukutana na kituo cha umeme cha Ruzizi ya kwanza, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mara kadhaa katika miaka ya karibuni, marundo ya chupa na takataka yamezuia maji kufika vizuri kwenye mitambo, na wakaaji wa Bukavu wamelala gizani. Kile kinachopita kinaendelea kwenye uwanda wa Ruzizi hadi ziwa Tanganyika, upande wa Uvira. Sashe iliyoangushwa Kadutu inaweza kumaliza safari yake kwenye wavu wa mvuvi wa ndakala.

Sheria ipo, pipa halipo

Kwenye karatasi, Kongo haikosi sheria. Kipengele cha 53 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inaweka misingi ya kulinda mazingira. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 inahusu maji. Na dekreti namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe na vifungashio vingine vya plastiki.

Sokoni sashe bado inatolewa pamoja na nyanya. Ni rahisi kumlaumu mama anayeuza nyanya hizo, lakini hesabu yake ni ya kila siku. Mahali pengi hakuna pipa la jumuiya karibu, hakuna gari la takataka linaloweza kupanda vichochoro vya miteremko, na nyumba yake haina uwanja wa kuchimba shimo. Bukavu ulipangwa wakati wa ukoloni kwa watu wachache. Leo unakadiriwa kuwa na wakaaji zaidi ya milioni moja, wakiwemo wengi waliokimbia vita vijijini tangu miaka ya 1990. Mto umekuwa gari la takataka la mtu asiye na gari.

Salongo ya siku ya posho inasaidia, lakini mara nyingi uchafu unaotolewa mferejini unaachwa kando yake, na mvua ya Jumapili inaurudisha ndani. Kuna vikundi vya vijana vinavyokusanya takataka nyumba kwa nyumba kwa malipo kidogo, na mafundi wanaotafuta njia ya kutumia plastiki tena. Kazi yao inafika mwisho pale panapokosekana mahali rasmi pa kupeleka mzigo.

Hata hivyo si kila hatua inasubiri bajeti ya serikali. Takataka nyingi za nyumbani ni vitu vinavyooza, kama maganda na majani. Zikitengwa na plastiki tangu jikoni, zinageuka mbolea, na kile kinachobaki kubebwa kinapungua sana. Maji ya sabuni yakimwagwa kwenye udongo badala ya mtoni, udongo unayachuja. Nyasi na miti ikipandwa kando ya mto, hata kwa upana wa hatua chache, tope linapungua na mawe yanabaki wazi. Mafuta ya garaji yakikusanywa ndani ya bidoni, hayafiki majini.

Wanaoweza kuurudisha uhai

Mto una sifa moja ambayo msitu uliokatwa hauna: unaweza kupona haraka. Wadudu wa mtoni hawahitaji kupandwa wala kununuliwa. Kila usiku baadhi yao wanaachia mawe na kubebwa na maji kuelekea chini. Wale waliopata mabawa wanaruka na kutaga mahali pengine. Wakikuta maji yenye hewa na mawe yasiyozikwa na tope, wanabaki na kuanza upya.

Lakini ni lazima wawe na mahali pa kutoka. Vijito vya juu vikichafuliwa navyo, kwa kulima hadi kwenye chemchemi, kwa kukata miti ya kingo au kwa kujenga juu ya chanzo, hakutakuwa na mdudu wa kushuka hata siku ambayo mji utapata mapipa na magari. Kulinda chemchemi za Kabare na vijito vya Kahuzi-Biega ni kuilindia mito ya Bukavu mbegu yake.

Kwa sasa mbegu hiyo bado ipo. Umbali kutoka kijito cha mlimani ambacho jiwe lake limejaa uhai hadi mfereji wa mjini wenye minyoo myekundu peke yake si mkubwa. Mtu anautembea kwa siku moja. Ndani ya umbali huo ndimo zinamoishi familia zinazokula sambaza na zinazosubiri umeme wa Ruzizi.